Naomba ushauri: masharti ya wenye modeli za akili bandia

Habari wakuu. Nipo Tanga, Ngamiani. Nimetengeneza programu ya kujibu wateja wa duka la dawa, kupitia jukwaa linalounganisha modeli (mifumo ya akili bandia inayotunga majibu) za kampuni mbalimbali. Nilikubali masharti ya jukwaa nikadhani yametosha, kumbe kila mwenye modeli ana yake. Llama 3.1, modeli ya kampuni ya Meta, kwa mfano, inataka utangaze wazi kwamba umeitumia. Hilo dogo. Kinachoninyima usingizi ni siri za wagonjwa: ujumbe wao unakwenda kampuni ya nje, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Je, niombe ridhaa kabla mteja hajaandika, au kuondoa majina kunatosha? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, mwenye duka anataka tuanze Jumatatu.