Maua ya nyanya yanaanguka ndani ya kivungulio

Mkazi wa Utawala
Ndugu wakulima, hamjambo. Mwezi wa Oktoba nilijenga kivungulio cha mita 6 kwa mita 4 nyuma ya nyumba yangu, kwa mbao na polithini, nikaweka neti ya wadudu pande mbili na kupanda miche 60 ya nyanya. Mimea imerefuka na kuchanua vizuri, lakini tangu katikati ya Januari maua yanakauka kwenye kikonyo na kuanguka kabla ya kufunga tunda. Aliyeniuzia miche ananishauri niongeze mbolea ya majani. Isitoshe, mimea mitatu iliyo karibu na mlango imenyauka ghafla, majani yake yakiwa bado mabichi. Je, huu ni ugonjwa mmoja au ni mambo mawili?

Mstaafu wa Kabete
Ni mambo mawili, na la kwanza halitibiwi kwa mbolea. Tundika kipimajoto kivulini humo ndani, usawa wa maua, ukisome saa nane mchana. Joto likizidi nyuzi 32 hivi siku baada ya siku, chavua ya nyanya hudhoofika na ua huanguka bila kutunga. Januari hadi Machi jua la Nairobi ni kali, na ingawa nje tunahisi nyuzi 26 au 27 tu, kivungulio kidogo hupata joto upesi kuliko kikubwa kwa kuwa hewa yake ni chache. Hewa moto hupanda juu, kwa hiyo neti za pembeni pekee hazitoshi: fungua upenyo kwenye kilele cha paa, uuzibe kwa neti, na siku za jua kali tandaza neti ya kivuli juu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakuongezea majani tu; katika hilo sikubaliani na muuzaji wako.

Nyanya hujichavusha yenyewe, lakini shambani upepo ndio unaoitikisa, na kwako upepo hauingii. Kila siku, kati ya saa nne na saa sita asubuhi, gongagonga kamba zinazoshikilia mimea.

Mama Bustani, Kasarani
Kuhusu ile mitatu, kata shina karibu na udongo, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi na usilitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kuuponya. Mimi nilipoteza nusu ya kivungulio changu kwa kunyunyizia dawa ya ukungu wiki tatu nzima, nikidhani inachelewa tu kufanya kazi. Ng'oa mimea hiyo pamoja na udongo wa mizizi, uichome, wala usiitupe kwenye mboji. Mahali hapo usirudishe nyanya, pilipili, bilinganya, viazi mviringo wala mnavu, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Mimi sasa napanda nyanya kwenye magunia yenye udongo uliotoka kwingine.

Naomba kuuliza: kwa nini ni mlangoni tu? Bakteria hawa husafiri kwa maji, kwa visu vya kupogolea na kwa udongo ulioganda kwenye viatu.

Mkazi wa Utawala
Nawashukuru sana. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41, na leo fundi amefungua kilele cha paa. Mashina mawili kati ya matatu yalitoa nyuzi nyeupe. Kuhusu mlango, Mama, nimelipata jibu: nimekuwa nikiingia na gambuti zilezile ninazovaa nikichuma mnavu nje, ambako mvua ya Novemba ilituama siku kadhaa kwenye udongo wetu huu mweusi. Nimenunua jozi nyingine ya kubaki humo ndani.