Seli shina: za kiinitete, za uloto au za ngozi?

MamaWawili: Ndugu wanajukwaa, binti yangu wa miaka 9 ana selimundu, na tumeelezwa kwamba anaweza kupandikizwa uloto (ute laini wa ndani ya mifupa) wa kaka yake. Shemeji yangu anasisitiza kuwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine za mwili, hutokana na mimba zilizoharibiwa. Naomba mnitofautishie, kwa sababu sitaki kumponya mwanangu kwa njia ya dhuluma.

FundiMaabara: Pole, dada. Seli shina za kiinitete, ambazo James Thomson alizikuza maabara mwaka 1998 nchini Marekani, hutolewa kwenye kiinitete cha siku 5 hivi kilichotungwa nje ya mwili, na kwa kawaida kuzitoa hukiua. Mzozo wa kimaadili umeanzia hapo. Uloto, wenye seli shina zinazotengeneza damu, ni jambo jingine kabisa. Hufyonzwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa usingizi, na mwili wake huujaza tena baada ya wiki chache. Ukiuona kwenye mfuko utadhani ni damu ya kawaida, na mgonjwa huupokea kwa dripu bila kupasuliwa.

Abuu_Tanga: Kanisa Katoliki hukitetea kiinitete tangu kutungwa, ilhali wanazuoni wengi wa Kiislamu huitazama siku ya 120 ya mimba, roho inapopulizwa. Kuhusu uloto, pande zote mbili hazina pingamizi.

Msomi_Eldoret: Tusizisahau seli za ngozi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya uchanga kwa jeni 4 tu, akapata Nobeli mwaka 2012. Kiinitete hakiguswi, ila seli hizo zinaweza kuzaa uvimbe, kwa hiyo kwa binti huyu mimi ningechagua uloto.

FundiMaabara: Nakubaliana nawe, lakini uloto nao una swali lake, tena zito: kaka ana umri gani, na nani amemuuliza?

MamaWawili: Ana miaka 12. Juzi aliniuliza kama akiogopa dada yake atakufa. Nilinyamaza.

FundiMaabara: Basi aelezwe na daktari asiyemtibu dada yake, wakiwa peke yao, na aambiwe waziwazi kwamba anaruhusiwa kuogopa na hata kukataa.

MamaWawili: Nitaliomba hilo Jumatatu, kabla sijatia saini fomu.