Mjadala: Mwalimu wa chuo amtimue mwanafunzi jeuri, au avumilie?

Mwalimu wa Shella:
Jamani, walimu tumegawanyika chuoni kwetu hapa Malindi. Mwanafunzi wa utalii, kijana aliyekulia ufuoni na Kitaliano kinamtiririka mdomoni, alimkosoa mwalimu wa Kitaliano mbele ya darasa. Si neno moja, kila neno. Mwalimu akamwambia toka, usirudi bila mzazi. Kijana mwenyewe ana mke na mtoto. Mzazi gani tena?

Kumtoa kwa kipindi kile kimoja nakubali, maana wenzake nao wamelipa karo. Kumzuia asirudi si mamlaka ya mwalimu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinataka uamuzi wa aina hiyo ufuate utaratibu wa haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Kamati ya nidhamu ipo. Mwalimu aipelekee tarehe na maneno yaliyosemwa, si "ana kiburi" tu.

Na kabla ya kamati, mwite pembeni. Ukimkabili mbele ya wenzake atakujibu, hataki kuaibika. Huyu mimi ningempa dakika kumi za mwisho aendeshe mazungumzo, sarufi abaki nayo mwalimu.

Fundi wa Barani:
Mwalimu mwenzangu, hapo umemtuza mkorofi. Wenzake wakiona ubishi unalipa, watabisha wote. Na hiyo kamati hukaa lini? Muhula unakwisha barua ziko mezani.

Mimi nafundisha useremala. Mtu akija na muguka shavuni, yale majani ya kutafuna kama miraa, hajalala tangu jana, nimpe msumeno wa umeme? Namtoa papo hapo. Mei 2024 kaunti ya Kilifi iliupiga marufuku muguka, siku chache baadaye mahakama ikasimamisha amri. Mzigo umebaki kwetu mlangoni mwa karakana.

Mwalimu wa Shella:
Karakana sibishani nawe, vidole havioti tena. Lakini sharti hilo liandikwe na lisomwe siku ya kwanza, lisiwe la fundi mmoja akiamka vibaya.

Kijana wa Maweni:
Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi. Mnaongea kana kwamba jeuri iko upande wetu tu. Kuna mwalimu huingia amechelewa nusu saa, atusomee noti kutoka kwenye simu, na ukiuliza swali jina lako ni msumbufu. Yeye anapelekwa kamati gani?

Fundi wa Barani:
Marahaba. Mpeleke kwa mkuu wa idara.

Kijana wa Maweni:
Mkuu wa idara ndiye huyo huyo, mwalimu.

Mwalimu wa Shella:
Basi aketi pembeni kesi yake ikisikizwa, na kiongozi wa wanafunzi awemo kwenye kamati. Chuoni kwenu yumo? Kwetu yumo kwenye karatasi, haitwi. Walimu wa Lamu na Kilifi, kwenu mnafanyaje?