Bahasha ya Lindi ya wakati wa vita: mwaka wa muhuri nausomaje?

Karani_wa_Posta
Wakuu, nina bahasha ya rejesta iliyotoka Lindi kwenda Bombay. Ina stempu mbili zilizoshikana zenye mti wa machungwa, moja imeandikwa SOUTH AFRICA na nyingine SUID-AFRIKA, na juu yake kumepigwa chapa nyeusi: KENYA TANGANYIKA UGANDA, 20c. Pembeni ipo ya senti 30 yenye daraja la Jinja. Muhuri wa Lindi unaonyesha siku na mwezi, mwaka umefifia. Ubavu wa kushoto umezibwa kwa mkanda wa mkaguzi wa barua, na juu kuna alama ya gundi mahali pasipo na stempu. Mwaka naupataje? Afrika Kusini imeingiaje hapa? Na je, nizibandue stempu kwa maji niziweke kwenye albamu? Karatasi ina madoa ya kahawia pia.

Lenzi10
Maji weka mbali kabisa, mkuu. Stempu hizo zikiwa peke yake ni za kawaida; thamani yake iko kwenye bahasha nzima.

Kuhusu Afrika Kusini: vita vilikwamisha shehena za stempu kutoka Uingereza, basi mwaka 1941 na 1942 stempu za Afrika Kusini zikapigwa chapa ya thamani ya kwetu. Zipo nne: senti 5 juu ya peni 1, senti 10 juu ya peni 3, senti 20 juu ya peni 6 na senti 70 juu ya shilingi 1. Kwa hiyo barua yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1941.

Sasa mwaka wenyewe. Geuza bahasha. Barua za rejesta ziligongwa mihuri ya tarehe nyuma kila zilipopita, kwa hiyo tafuta Dar es Salaam na Bombay. Mmoja tu ukisomeka, umeshamaliza kazi. Ukikosa, skani sehemu ya mbele kwa dpi 1200 (doti kwa inchi), ufungue picha kwenye programu inayotenganisha rangi. Kwenye chaneli nyekundu, wekundu wa stempu unapauka na wino mweusi wa muhuri unabaki. Fremu ya kijani ikikusumbua, hamia chaneli ya kijani. Njia nyingine ni kulaza tochi karibu usawa na karatasi: chuma cha muhuri huacha mbonyeo hata wino ukiisha.

Mama_Bahasha
Naongezea alama ya gundi. Angalia kama duara la muhuri limekatika ghafla kwenye ukingo wa alama hiyo. Likiwa limekatika, stempu moja ilidondoka baada ya kugongwa. Acha pengo hivyo hivyo. Wapo wanaobandika stempu nyingine na kumalizia duara kwa kalamu, na bahasha ikishaguswa namna hiyo mnunuzi makini haiamini tena.

Mkanda wa mkaguzi usiung'oe, hata ukiona kuna maandishi chini yake. Muhuri wa mkaguzi ukivuka kutoka mkanda hadi karatasi, unathibitisha kwamba mkanda ni wa barua hiyo.

Madoa ya kahawia mara nyingi ni kuvu wa unyevu. Usitie jiki: klorini inakula karatasi na kuchujua rangi za stempu. Toa pini na stepla zote, kutu husambaa. Hifadhi kwenye mfuko wa polyester, si ule laini wa PVC unaonuka plastiki, maana hutoa mafuta yanayovuta wino. Wenzetu wa pwani, wekeni pakiti za silika za kufyonza unyevu kwenye boksi na mzibadilishe. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko yote, haitoki.

Karani_wa_Posta
Asanteni. Nyuma upo BOMBAY wa 1942, unasomeka vizuri. Nitajuaje kama ilikwenda kwa meli au kwa ndege?

Lenzi10
Kama haina kibandiko wala maandishi ya barua ya ndege, anza kwa kudhani ni meli. Kisha hesabu siku kati ya Lindi na Bombay: wiki kadhaa inakubaliana na bahari. Za ndege zilifuata njia iliyoanza Juni 1940 baada ya Italia kuingia vitani: ndege za majini kutoka Durban, kupitia pwani yetu, Kisumu, Khartoum na Cairo, halafu Basra hadi Karachi. Jumla ya thamani za stempu haikusaidii, kwa kuwa huenda moja imepotea.

Msoma_Gazeti
Kwa utafiti wa viwango vya malipo ya posta na ofisi zake, wengi huishia Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na kurudi mikono mitupu. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa 1933, makao makuu Nairobi, kwa hiyo tafuta na huko. Gazeti rasmi la Kenya la miaka hiyo linapatikana mtandaoni bure; tafuta kwa neno la posta pamoja na mwaka, si kwa jina la mji peke yake. Jina la mtumaji likiwa nyuma, nakili kama lilivyoandikwa, maana tahajia za majina ya Kihindi zilibadilika kutoka orodha moja hadi nyingine.