Kitabu chenye maandishi, cha picha tupu au cha kwenye tableti: kipi kinamfaa mtoto anayeanza kusoma?

MamaWawili

Habari zenu wanajamvi. Binti yangu ana miaka mitano na nusu, ameanza kuunganisha silabi, na jioni huwa tunakaa na kitabu kabla hajalala. Nataka kumwongezea vitabu lakini mfuko hauruhusu kununua kila aina, kwa hiyo nawaza kati ya aina tatu: kitabu cha kawaida chenye picha na maandishi, nisome mimi yeye afuate, kitabu cha picha tupu kisicho na neno hata moja, na vile vya kwenye tableti vinavyojisoma vyenyewe, picha zinacheza ukizigusa.

Mume wangu anapendelea tableti kwa sababu vitabu vingi vinaingia humo na mtoto anaweza kujisikilizia tukiwa na shughuli. Mimi moyo uko kwenye karatasi, ila sitaki kuamua kwa mapenzi tu. Na hicho cha picha tupu kinanivutia, lakini mtoto anayejifunza kusoma atapata nini mle? Waliopitia hatua hii, mlichagua kipi na mliona nini?

Mwalimu_Awali

Hongera dada kwa kukaa naye na kitabu. Nafundisha watoto wa umri huo, na kabla ya kuchagua ningeomba utenganishe kazi mbili. Kuna kuzisoma herufi, na kuna kuielewa lugha ya hadithi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti nzuri kabisa, halafu ukimuuliza nani alikuwa amejificha, hana jibu. Kwa umri huo masikio yako mbele sana ya macho. Akisomewa anaelewa hadithi yenye mizunguko mingi. Akisoma mwenyewe, neno kama "walipomkaribia" linammaliza pumzi kabla hajafika mwisho wa sentensi, na mwanzo wake keshausahau.

Ndiyo maana nashauri vitabu viwili kwa jioni moja. Kimoja chepesi kabisa, sentensi fupi fupi, akisome yeye. Kingine chenye lugha iliyoshiba na picha nzuri, umsomee wewe, na hicho usikigeuze mtihani.

Halafu usidhani ukimsomea anafuata maandishi. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walichapisha utafiti wa kufuatilia macho ya watoto wanaosomewa, na ikaonekana macho yako kwenye picha karibu muda wote. Maandishi yanatazamwa kwa nadra mno. Ukitaka ayaone, pitisha kidole chini ya sentensi moja au mbili, hasa ile inayojirudia katika hadithi, kisha endelea.

BabaJunior

Mimi nasimama na shemeji. Watu wanaichukia skrini kwa jumla jumla, wakati kuna mambo karatasi haiwezi. Maandishi unayakuza mpaka mtoto mwenye uoni hafifu ayaone vizuri. Neno linang'aa linaposomwa, kwa hiyo anajua sauti iko wapi kwenye mstari. Na kwa mwenye mfuko mwembamba hakuna kinachoshinda maktaba za bure. StoryWeaver ya Pratham Books ipo tangu 2015, ina hadithi zenye picha kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kupakua na kuchapisha. Dada, anza huko kabla hujanunua chochote.

ShangaziMsomaji

BabaJunior, kwenye upatikanaji nakuunga mkono kabisa. Mimi wasiwasi wangu ni vile vinavyocheza.

Mwaka 2018 John Hutton na wenzake wa Cincinnati walichapisha utafiti wa watoto 27 wa miaka mitatu hadi mitano waliopewa hadithi wakiwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi: moja kwa sauti peke yake, moja kwa sauti na picha tuli, moja kama katuni. Uelewa ulishuka zaidi kwenye katuni. Kwenye picha tuli, sehemu za ubongo zinazohusika na lugha, kuona na kujenga taswira zilishirikiana vizuri zaidi. Watoto 27 ni wachache, sisemi hilo ni neno la mwisho, lakini linalingana na ninachokiona: picha ikitulia, mtoto ndiye anayeitembeza kichwani. Ikitembea yenyewe, anabaki kutazama.

La pili ni mazungumzo. Mwaka 2019, kwenye jarida la Pediatrics, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha wazazi wakisoma na watoto wa miaka miwili hivi, kwa karatasi na kwa tableti. Kwenye tableti wote wawili walizungumza kidogo zaidi juu ya hadithi, na maneno mengi yakaenda kwenye chombo chenyewe: usibonyeze hapo, subiri kwanza. Kila mwenye tableti nyumbani anaijua lugha hiyo.

Kwa hiyo dada, mkitumia tableti, zima sauti ya kujisoma, zima vikorombwezo, msomee kwa sauti yako. Hapo inakuwa kitabu. Ile ya kujisikilizia peke yake iacheni kwa saa mnazokuwa na shughuli, lakini isichukue nafasi ya jioni.

KalamuNaRangi

Nachora vitabu vya watoto, naomba niseme jambo ambalo wasomaji wengi wakubwa wanalipita.

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Sababu iko kwenye uchapaji: karatasi kubwa hukunjwa, ikatoa kurasa nane nane au kumi na sita. Ndani ya kurasa hizo mchoraji hapangi ukurasa mmoja mmoja, anapanga kurasa mbili zinazotazamana kama uwanja mmoja. Mhusika anaanzia kushoto, anaelekea kulia, na mara nyingi nitamwacha ukingoni kabisa, mguu mmoja umeshatoka nje ya ukurasa. Hapo namwambia mtoto afunue. Mshtuko wa hadithi unakaa nyuma ya karatasi, kwa hiyo mwachie mtoto kazi ya kufunua, na kabla hajafunua muulize anadhani kuna nini upande wa pili. Tableti ndogo ikiuonyesha uwanja huo nusu nusu, kazi yote hiyo imepotea. Mkisoma kwenye tableti, ilazeni kwa ubavu, kurasa zote mbili zionekane kwa pamoja.

La pili: picha nzuri hairudii maandishi. Maandishi yanaweza kusema "Alilala fofofo usiku kucha", lakini ukitazama dirisha liko wazi, na nyayo zenye tope zinatoka dirishani mpaka kitandani. Wewe unayesoma sentensi umepitwa. Mtoto asiyejua kusoma ameziona, anakushika mkono usifunue. Wakati huo acha kusoma. Ukisema "subiri tumalize", umemwambia kwamba alichogundua hakina uzito, na kumbe amegundua nusu ya hadithi.

Mnaposoma msianze na sentensi ya kwanza. Anzeni na jalada, kisha karatasi za ndani ya jalada, maana wachoraji hupenda kuficha vitu huko.

Na kama unataka ajifunze maneno mapya, angalia wingi wa picha. Flack na Horst wa Chuo Kikuu cha Sussex waligundua (2018) kwamba watoto walijifunza maneno machache zaidi pale kurasa mbili zilipokuwa na picha mbili tofauti kwa pamoja, kwa sababu hawakujua sentensi inazungumzia picha ipi. Dawa yake ni mkono: kabla ya kusoma, pitisha kiganja juu ya picha inayohusika.

MamaWawili

Nashukuru sana, nimejifunza mengi kwa jioni moja. Maswali mawili zaidi. Anang'ang'ania kitabu kile kile, hataki kingine; nimpe kingine kwa lazima? Na akisoma mwenyewe anakisia kwa picha. Imeandikwa "farasi" yeye anasoma "punda", wala hatazami herufi. Nifunike picha?

ShangaziMsomaji

Kurudia mwachie. Huko huko Sussex, utafiti wa 2011 uliwasomea watoto wa miaka mitatu maneno mapya: baadhi kwa hadithi zile zile zikirudiwa, wengine kwa hadithi tofauti zenye maneno yale yale kwa idadi ile ile. Waliorudiwa hadithi walijifunza maneno vizuri zaidi. Inaeleweka, akishajua nani anafanya nini, akili inapata nafasi ya kulisikia neno. Wewe badilisha swali tu. Leo uliza mhusika anaogopa nini, kesho muulize kwa nini paka yuko kwenye kila ukurasa.

Picha usifunike. Ndizo zilizomleta kwenye kitabu.

Mwalimu_Awali

Hapa mimi na shangazi tunatofautiana kidogo. Kwenye kitabu unachomsomea, picha zisiguswe kabisa. Lakini kwenye kile chepesi anachokisoma yeye, kukisia kwa picha ni mazoea yatakayomsumbua siku picha zitakapokwisha vitabuni. Farasi na punda wanafanana kwenye mchoro, silabi ya kwanza haifanani. Weka kidole chini ya "fa", mwambie anze hapo, aunganishe, na akimaliza ndipo atazame picha kuhakikisha. Ikibidi kufunika kwa sekunde chache, funika kwa mchezo, kisha mfunulie.

BabaJunior

Mwalimu, hii ya kutazama picha baada ya kusoma nimeipenda. Naichukua.

ShangaziMsomaji

Dada, cha picha tupu kimebaki bila jibu, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye kitabu hicho hakuna anayejua kusoma kumzidi mwenzake. Binti yako na wewe mnaanza sawa, na mara nyingi yeye ndiye atakayeongoza. Chagua hiki hasa kama kuna mdogo wake au mkubwa wake chumbani, maana kila mmoja atapata la kusema.

Namna ya kukisoma: pitieni mara ya kwanza kimya kimya. Mara ya pili asimulie yeye, wewe mwongezee tu. Akisema "Mbwa", jibu "Ndiyo, mbwa mkubwa aliyelowa maji. Unadhani ametoka wapi?" Atasema mtoni. "Ametoka mtoni, na mwenye mbwa yuko wapi?" Sasa analazimika kutafuta, na akimpata nyuma ya mti atakuambia sentensi nzima bila kuombwa. Njia hii ya kumrudishia mtoto neno lake likiwa limekua, kisha swali, imefanyiwa utafiti tangu Whitehurst na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 1988. Baada ya mwezi mmoja wa kusoma hivyo na wazazi, watoto walionekana kuwa mbele ya wenzao katika kujieleza.

MamaWawili

Basi nimeamua. Vya kusomewa nitachapisha kutoka maktaba za bure alizotaja BabaJunior, fedha niliyonayo ninunue kimoja cha picha tupu, cha karatasi. Nikiwa na viwili mkononi dukani, nitajuaje kizuri ni kipi?

KalamuNaRangi

Fungua katikati, tazama kurasa mbili tu. Tafuta mhusika mkuu: unamtambua mara moja, hata akiwa amegeuka mgongo? Tafuta uso wake: unaonyesha anachohisi? Kisha tafuta kitu kidogo pembeni, mdudu, mpira, ndege, ufunue kurasa mbili mbele uone kama mchoraji alikikumbuka. Akikikumbuka, nunua hicho.