Mafundi wa amplifaya, rudisheni vibano vya valvu za watu!

Wakuu, habari za usiku. Hasira hii ninayo tangu Jumamosi. Naileta hapa kwa sababu humu kuna mafundi wengi na wapiga gitaa wengi, na naamini yaliyonikuta yamewakuta wengine bila kujua chanzo.

Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Amplifaya yangu ni ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mtumba wa Marekani, ina valvu mbili aina ya 6L6 kwenye pawa, yaani hatua ya mwisho inayosukuma spika, na spika moja ya inchi 12, vyote kwenye kabati moja. Ina transfoma yake pembeni ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120. Kwa asiyezijua kabati za namna hii: chesesi, yaani fremu ya chuma yenye saketi, imefungwa juu, na valvu zinaning'inia kichwa chini kama popo. Chini yake kuna spika, na spika ikifanya kazi kabati zima linatetemeka. Kinachozuia valvu isidondoke ni pini zake zilizobanwa na soketi, pamoja na kibano. Kibano ni kipande cha bati la springi chenye meno pande mbili. Ukichomeka valvu, meno yanashika kitako chake. Wamarekani wanakiita mtego wa dubu. Amplifaya yangu ilikuja navyo viwili, kimoja kwa kila valvu.

ILIKUJA NAVYO. Shikeni hilo.

Mwezi uliopita volyumu zilikuwa zinakwaruza, nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja azisafishe. Nilipoifuata, volyumu zilikuwa laini kabisa. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Jumamosi tulikuwa na harusi Morogoro. Karibu kilomita 200, na matuta na rasta za njia ile mnazijua. Tumefika, nimewasha, nimesubiri zipate moto. Sauti ikatoka nyembamba, imechanika. Nikainama kuchungulia nyuma, nikaona ndani mwa valvu moja sahani yake ya chuma imekuwa nyekundu kama mkaa. Kabla sijafika kwenye swichi, fyuzi ikakata. Kufungua: valvu ya pili imelala sakafuni mwa kabati, kioo kina ufa, na ule mpako wa fedha unaong'aa ndani ya kioo umegeuka mweupe kama chaki. Ukiuona hivyo, hewa imeingia, valvu imekufa. Ile nyekundu ilikuwa imening'inia upande, nusu nje ya soketi. Na vibano? Hakuna. Yamebaki matundu ya skrubu tu.

Nimepiga harusi nzima gitaa limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Bwana harusi ni mtoto wa rafiki wa marehemu baba. Iliniuma.

Nikampigia fundi. Akanijibu bila wasiwasi: "Kaka, vile nilivitoa, vilikuwa vinazuia hewa, ndiyo maana valvu zako zilikuwa zinachemka."

Jamani! Valvu ya pawa KAZI YAKE ni kuchemka. Kioo cha 6L6 kikifanya kazi kinapita nyuzi 200 bila shida yoyote. Na kibano hakigusi kioo, kinashika kitako, pale chini kabisa. Hewa gani kinazuia? Ametoa kitu ambacho hakijui, hakuniambia, hakunirudishia, kisha anajieleza kama amenisaidia.

Wala msidhani hasara ni valvu tu. Ile iliyokuwa imening'inia upande ilipoteza pini namba 5, ambako ndiko volti hasi za bayasi zinaingia kuizuia isivute umeme ovyo. Pini 5 ikiachia huku pini 3, inayopeleka volti kubwa kwenye sahani, bado imeshika, valvu inavuta bila breki. Ndiyo maana iliwaka nyekundu. Fyuzi isingewahi, kingefuata transfoma ya kutolea sauti, na nani hapa nchini ataniuzia hiyo ya saizi ileile? Valvu mbili zilizolinganishwa nimeagiza kwa laki mbili na themanini, na mbili lazima zinunuliwe pamoja. Fundi amenipa pole.

Fundi wa pili niliyempelekea kutafuta msaada alitaka kuzizungushia gundi ya silikoni. Mwingine akaleta kamba za plastiki za kufungia waya. Plastiki! Juu ya kioo cha moto ule! Gundi nayo ikishakauka, siku ya kubadilisha valvu unang'oa soketi nzima.

Sasa kwa wenye shida kama yangu, maana madukani nimezunguka siku tatu, kila mtu ananionesha klipu za mabomba. Unapoagiza nje, kwanza tazama soketi. Ya pini nane mara nyingi ina matundu mawili ya skrubu yaliyoachana milimita 38, na kibano kinafungwa kwa skrubu hizohizo. Pima na vitako vya valvu zako, maana havilingani. Kibano cha kitako kinene hakishiki chembamba. Wenye valvu aina ya EL84, kama zile nne za amplifaya ya Vox AC30, msinunue hivi. Valvu ile haina kitako, ni kioo kitupu, inataka kofia ndogo inayovutwa na springi kutoka pembeni. Zile ndogo za mbele zinazopokea sauti ya gitaa kwanza, 12AX7, zina kopo lake la bati lenye springi ndani, unasukuma na kuzungusha. Nalo mafundi wanalitupa!

Kufunga si kazi kubwa, ila chomoa umeme na hakikisha kapasita kubwa zimetolewa chaji. Zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata waya ukiwa mkononi mwako, na zinaua. Kibano kinakaa nje ya chesesi, upande wa valvu. Skrubu isiwe ndefu ikagusa miguu ya soketi kwa ndani. Kama soketi imefungwa kwa riveti, itabidi uzitoboe kwa drili. Ziba ndani kwa kitambaa, usiache hata chembe moja ya chuma. Na kama pini zinacheza, kaza soketi kwanza. Kibano hakiponyi soketi iliyolegea.

Mafundi mliomo humu, naomba jibu la kweli: ni nani aliwafundisha kuvitoa? Nimeuliza wapiga gitaa watano wa bendi tofauti, watatu wamefungua makabati yao jana na hawakukuta kitu.

MREJESHO: Mdau mmoja amenitumia picha ya soketi zake, riveti zimekatwa na matundu yako wazi kama yangu. Alitengenezewa mtaa uleule.

Na wewe fundi wangu, kama unasoma: vibano vile ni viwili, vina kutu kidogo kwenye meno. Jumatatu asubuhi nakuja kuvichukua.