Kanijumlishia vina vya maji, kaviita ENEO, halafu ananiambia nisijichoshe!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Huyu mtu mnamjua, kila kikundi cha kazi kina wake. Ndiye yule anayeingia kwenye faili la Excel la mwenzake bila hodi, anapaka seli (vile vijumba vya jedwali) rangi saba, anaondoka anasema "nimekusaidia".

Nimepima mkondo wa maji mwenyewe, nimelowa mpaka kiunoni. Upana mita 12. Nimechukua kina kwenye mita 0, 1, 2, 4, 8 na 12 kutoka ukingoni: 0, 0.6, 1.0, 1.5, 1.2, 0. Mwanzoni nimepima karibu karibu kwa sababu ndipo chini panaposhuka ghafla. Nikachora grafu ya nukta, ikatoka mkondo wenyewe kabisa. Nikainuka dakika tano tu.

Narudi, kaigeuza grafu ya mstari. Eti ipendeze! Grafu ya mstari haijui 4 wala 8, inazipanga kama majina kwenye foleni, kila moja hatua moja. Pengo la mita 1 na pengo la mita 4 yakawa sawa. Mkondo wangu ukawa mwingine, haupo popote duniani.

Hilo ningemeza. Kilichoniua ni eneo la mkato wa mkondo. Nilikuwa na fomula yangu, safu A ni umbali kutoka ukingoni, B ni kina:

=SUMPRODUCT((A3:A7-A2:A6)*(B2:B6+B3:B7)/2)

Kila kipande ni trapeza: upana wake mara wastani wa vina viwili. Jibu mita za mraba 11.4. KAFUTA! Kaweka =SUM(B2:B7). 4.3. Namuuliza kwa adabu, mbele ya watu wote, mbona hivi? Hata shingo hakugeuza: "Eneo ni kujumlisha tu, dada. Usijichoshe."

Usijichoshe!

Mita ukijumlisha na mita unapata mita. Jumlisha mpaka mstari wa 1,048,576 ambako shiti ya Excel inakomea, hutaona mita ya mraba hata moja! Na watu wakacheka. Wakacheka NAYE. "Usijichoshe, dada." Mimi niliyelowa!

SeliTupu: Pole sana. Wa kwetu kaongeza na mstari wa mwelekeo (ule unaopita katikati ya nukta kuonyesha zinaelekea wapi) juu ya grafu ya mstari, akanakili ile fomula ya x na y kwenye ripoti. Hajui kwamba pale x ni 1, 2, 3, 4 tu, siyo vipimo vyake.

Mzee wa Trapeza: Mleta mada povu lote hili kwa namba sita? Ungechukua karatasi ya miraba ukahesabu vijumba, ungeshamaliza.

Mleta mada: Mzee, sijalalamikia kuhesabu. Nalalamikia kuambiwa NISIJICHOSHE na mtu aliyefuta kazi yangu.

Kikokotoo: Mimi wangu anapenda ule mkunjo laini wa kuunganisha nukta. Nukta zote ziko juu ya sifuri, mstari unazama chini ya sifuri kati ya nukta mbili. Anasema "unaonekana wa kisayansi".

Mzee wa Trapeza: Lakini kwa nini faili halikufungwa kwa nywila? Jibu hilo kwanza.

Mleta mada: Kwa hiyo kosa ni langu?? Mtu akijumlisha vina akasema eneo, mwenye kosa ni mimi?

Nguzo_ya_Pili: Hayo yote madogo. Kuna kiumbe kaunganisha seli za vichwa vya habari, sasa jedwali halipangiki. Kila nikibonyeza linaniambia seli zilizounganishwa ziwe na ukubwa mmoja.

SeliTupu: KUUNGANISHA SELI! Uzi huu ungeanzia hapo.

Kikokotoo: Na nyie ambao mkiandika 3-4 Excel inaigeuza tarehe mbona kimya? Wanasayansi wa jeni walishindwa nayo, mwaka 2020 wakabadilisha majina ya jeni zenyewe. MARCH1, ambayo Excel iliisoma kama tarehe 1 Machi, siku hizi inaitwa MARCHF1. Programu ikabaki vilevile mpaka 2023, ndipo wakaweka chaguo la kuzima hilo.

Nguzo_ya_Pili: Unatania.

Kikokotoo: Sitanii hata kidogo.

Mleta mada: Turudi kwenye mada jamani. 4.3! Mstatili wa mita 12 kwa kina kirefu kuliko vyote, 1.5, ni 18. Nusu tu yake ni 9. Mtu mwenye macho angeona 4.3 haiwezekani. Lakini yeye: "usijichoshe".

Mzee wa Trapeza: Tarehe unaweka seli kuwa maandishi kabla ya kuandika. Mnalia bure.

SeliTupu: Mzee, na faili la kuletewa likishafunguliwa?

Mzee wa Trapeza: Nani amekuambia ulifungue hivyo?

Nguzo_ya_Pili: Samahani, nimezitenganisha zile seli. Mbona namba zilizokuwemo sizioni?

SeliTupu: Zilikufa siku zilipounganishwa. Hubaki ya juu kushoto tu.

Nguzo_ya_Pili: Zote??